Miwa ya Chini ya Dirisha

Mume wangu alikuwa mpima miwa. Nikisema hivyo watu wa mjini hudhani alipima urefu kwa futi, nami hukasirika bure. Alipima utamu. Kampuni ilimpa pikipiki, chuma chenye tundu cha kutobolea muwa, na kifaa kidogo cha kuchungulia chenye kioo upande mmoja. Aliingia katikati ya shamba la mkulima, akatoboa muwa mmoja, akasogea akatoboa mwingine, wa pembeni, wa karibu na mfereji, wa kwenye kivuli. Hakuna siku alitoboa muwa mmoja akaondoka. Maji yake aliyadondosha kwenye kile kioo, akakielekeza kwenye mwanga, akafumba jicho moja. Mkulima alisimama nyuma yake roho mkononi. Kisha mume wangu alisema "bado" au alisema "iko tayari", na kwa neno hilo moja panga zilinolewa na trekta zikaja, au watu wakarudi nyumbani kungoja.

Miaka ile sukari ilikuwa sukari kweli. Kutoka kwetu Musanda mpaka Kabras alikozaliwa mama yangu, watu waling'oa mihogo wakapanda miwa, wakang'oa migomba wakapanda miwa. Mabati mapya yaling'aa kila upande. Majivu ya miwa iliyochomwa yalitua kwenye nguo nilizoanika, nami ni fundi wa kushona, naishi kwa nguo safi za watu, kwa hiyo nilikuwa nagombana na hewa. Kwetu miwa ilifika mpaka chini ya dirisha la chumba cha kulala. Ukinyoosha mkono kutoka kitandani ulishika jani.

Nilimwomba aniachie ukanda mdogo tu wa kuanikia nguo. Akasema tukiikata ataniachia.

"Lini?"

"Ikiiva."

Nikamwambia mpimaji ni yeye, basi aipime ikubali kuiva. Akacheka. Hakuwa mtu wa kuharakishwa. Hilo ndilo nililompendea, na kwa hilohilo nilirusha sufuria mara mojamoja.

Kitu kingine cha kujua juu yake ni heshima aliyokuwa nayo kwa mama yangu. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakiwa na neno, mtu wa tatu hulibeba hata kama wote wamo chumba kimoja. Mama halali kwa mkwe wake wala hakanyagi chumba chake cha kulala. Na kumwona mkwe amelala, au hajavaa vizuri, hiyo ni aibu ya wote wawili. Wengi wa rika letu walikuwa wameanza kulegeza mambo haya, wanasalimiana na mama wakwe zao kanisani kama watu wa kamati. Yeye hakulegeza hata kidogo.

Siku moja mama alikuja bila kutuma habari. Mume wangu alikuwa anaoga nyuma ya nyumba, kwenye bafu letu la mabati ambalo mlango wake ulikuwa gunia. Aliposikia sauti ya mama njiani ikitoa salamu, "Mulembe!", hakungoja. Alilichomoa lile gunia, akajifunga kiunoni, akajitosa kwenye miwa na povu kichwani. Majani ya miwa yana makali, na yeye alikuwa mgongo wazi. Mama aliona gunia likitoweka, akageuka papo hapo, akashika njia ya kurudi Kabras bila hata kunywa maji. Mimi nilibaki uani, sijui nimfuate nani, nikacheka mpaka nikakaa chini. Jioni nilimpaka mafuta mgongo mzima, umechanjwachanjwa kila mahali.

"Ameniona?" akaniuliza.

"Ameona gunia."

"Basi afadhali," akasema, akalala vizuri.

Mama naye aliirudisha heshima hiyo kwa kuku. Mkwe akienda kwao, ingokho lazima ichinjwe, na mama alikuwa na tabia ya kumchagulia mapema, hata kabla hajasema atakuja. Kuku akishatengewa mkwe haguswi. Hauzwi, hachinjiwi mchungaji, na hata akivamia mahindi ya mbegu anaangaliwa tu.

Mume wangu alianguka asubuhi moja baada ya mvua, si mbali na nyumbani. Trekta ilikuwa imetangulia ikidondosha miwa njiani, jambo la kila siku kwetu, naye akapita juu ya muwa mmoja uliolowa. Pikipiki ilienda upande wake na yeye akaenda upande wake, na kichwa kikagonga ukingo wa daraja dogo la simiti. Kofia ngumu ilikuwa inaning'inia kwenye mpini wa pikipiki. Waliomwokota waliniambia hakutokwa na damu nyingi, wakidhani wananifariji.

Tulimpeleka hospitali ya mjini Kakamega. Watoto wetu wawili niliwaacha kwa dada yangu Lurambi, ambako na mimi nilikuwa nikienda kuoga na kubadilisha nguo. Madaktari walimtoboa fuvu wakaitoa damu iliyokuwa inabana ubongo. Mwanzoni mashine ilimsaidia kupumua, kisha akaanza kupumua mwenyewe, tukashangilia mapema. Hakuamka. Alilala pale amefumba macho, mzuri kabisa, kichwa kimefungwa bendeji, na nilipomwita hakuna kilichosogea hata kope. Nilimwita kwa upole, nikamwita kwa hasira. Hasira ndiyo aliyoizoea zaidi, lakini nayo haikufaa kitu.

Palikuwa na daktari mmoja kijana, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akifanya utafiti juu ya watu walioumia vichwa. Alinitafuta, akavuta stuli, akakaa kabla ya kusema. Wengine wote walikuwa wakiongea nami wakiwa wamesimama, mguu mmoja tayari unaondoka. Akanieleza kwamba ubongo ukigongwa sana chembe zake huvunjika, na protini zilizokuwa ndani ya chembe hizo huvuja, zikaingia kwenye damu. Kwa mtu mwenye afya ni kidogo sana huko. Yeye alikuwa akichukua damu siku ya kwanza na tena baadaye, anapima protini hizo ni nyingi kiasi gani, halafu anafuatilia nani anaamka na nani haamki, na anayeamka anarudi kuwa nani. Alitaka siku moja damu iweze kuwaambia watu kama mimi mbele kuna nini.

"Na leo inaweza?" nikamuuliza.

"Leo bado tunajifunza," akasema.

Nikasaini. Akavuta damu, akakitikisa kichupa taratibu, kisha akakiinua kwenye mwanga wa dirisha asome alama zake. Akafumba jicho moja.

Nililia hapo. Tangu aanguke sikuwa nimelia, nilikuwa nakimbizana na mambo tu. Daktari maskini alidhani nimeogopa sindano, akanishika bega akaniambia haiumi. Sikuwa na nguvu za kumweleza.

Vichupa vilipelekwa Nairobi kwenye sanduku la barafu, tukangoja. Aliyengoja kwa shida kuliko wote ni kaka mkubwa wa mume wangu. Baba yao alikufa mapema, na huyu shemeji yangu ndiye aliyemlea mdogo wake, akamsomesha kwa kukata miwa. Alikuwa mkataji bado. Mikono yake ilikuwa migumu hivi kwamba akipapasa shuka, nyuzi zilinasa. Alikuja kila alipopata nafasi, akasimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi, kisha akaondoka. Majibu ya kwanza yaliporudi, daktari hakutaka kuyatoa, alisema ni ya utafiti na si ya kufanyia uamuzi. Shemeji akamng'ang'ania. Damu ni ya ndugu yake, akasema, na kama imesema kitu, wenyewe wana haki ya kusikia.

Daktari akatuketisha. Alisema kiwango kiko juu. Wengi wa wale waliofika kiwango kile hawakuamka, au waliamka wakiwa na ulemavu mkubwa. Lakini hiyo ni damu ya siku ya kwanza peke yake, ya pili haijarudi, na wengi si wote. Hawezi kuchukua kipimo cha kundi zima akamvika mtu mmoja.

"Kwa hivyo damu imesema," shemeji akasema.

"Imesema ameumia sana. Haijasema atakufa."

Shemeji aliinamisha kichwa akashukuru kwa adabu, na nikaona kwamba hiyo sentensi ya mwisho haikumfikia.

Simlaumu sasa, ingawa wakati ule nilimlaumu mpaka mate yakanikauka. Sisi watu wa miwa tulizoea kipimo chenye majibu mawili tu. Maisha yake yote shemeji alikuwa ameona tone likiwekwa kwenye kioo, mtu akifumba jicho, neno likitoka, na kesho yake anaamka na panga. Hakuwahi kuona tone likipimwa halafu watu wakaambiwa wengi si wote. Kwake daktari alikuwa amesema "iko tayari", ila kwa maneno marefu ya watu waliosoma.

Shuka za hospitali zilikuwa fupi. Mume wangu ni mrefu, na miguu yake ilibaki nje usiku na mchana. Jambo hilo lilinikera kuliko bendeji, labda kwa sababu lilikuwa jambo ambalo fundi angeweza kulirekebisha. Nikaenda nyumbani Musanda kuchukua shuka zetu mbili niziunge ziwe moja.

Niliiona nyumba yangu kutoka barabarani, na hapo ndipo moyo ulinipasuka, kwa sababu kabla ya hapo haikuwa ikionekana kutoka barabarani. Miwa yote ya upande wa dirisha ilikuwa chini. Shemeji na binamu zake wawili walikuwa bado wanafyeka, wanaitupa kando, miembamba, mibichi, isiyofaa hata kumpa ng'ombe. Kwetu, miwa ikifika mlangoni, siku ya msiba hakuna pa kuweka watu. Lazima ikatwe kwanza, ipatikane nafasi ya hema na ya kaburi. Kila mtu anajua ukiona miwa michanga imekatwa kando ya nyumba maana yake ni nini.

"Mnafanya nini?" nikauliza, na nilikuwa najua.

"Shemeji, watu watakaa wapi?" kaka wa mume wangu akaniuliza.

"Watu gani?"

Akainama akafyeka muwa mwingine. Mdomo wangu hauna breki siku za kawaida, na siku hiyo hata usukani haukuwa nao. Nilimwambia anamzika mtu anayepumua. Nilimwambia ana haraka ya nini, anataka mke au anataka shamba. Hilo la mwisho lilikuwa uongo wa wazi, na binamu zake wakatazama pembeni. Yeye alisimama, panga chini, akanyeshewa yote.

"Mimi ndiye nilimbeba huyu mgongoni," akasema nilipoishiwa pumzi. "Unafikiri mimi napenda? Lakini daktari amepima. Mtu akipimwa amepimwa. Sitaki afie kule kwa harufu ya dawa, watu wanapita tu hawamjui. Nimepata pikapu. Tutakuja tumchukue, afie kwake."

Alikuwa analia huku anasema, machozi yanapita kwenye vumbi la usoni, na nilimchukia zaidi kwa sababu hiyo. Mimi nilikuwa bado naomba aamke, yeye tayari analia msiba.

Nikaingia ndani nikafungua cherehani. Dirisha lilikuwa limefunguka. Tangu niolewe sikuwahi kupata mwanga mzuri kama ule wa kushonea, nami niliuchukia. Niliziunga shuka mbili kwa mshono mnene katikati, nikapitisha uzi mara mbili, nikarudi Kakamega nayo begani.

Mama alikuwa ameshafika hospitalini. Habari za miwa iliyokatwa zilimkuta Kabras, sijui nani alizipeleka. Hakuingia wodini. Alitandika leso kwenye benchi la veranda, chini ya dirisha la wodi, akakaa ameupa ukuta mgongo ili hata kwa bahati mbaya asimwone mkwe wake amelala. Alikuwa amebeba obusuma, ugali wa kwetu, na mboga kwenye kikapu, akanilisha kama mgonjwa ni mimi.

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Mwambie nimemsalimia."

Nikaingia, nikamwambia mume wangu kwamba mama anamsalimia. Manesi walinitazama kwa huruma. Nikatoka, nikamwambia mama salamu zimefika. Hivyo ndivyo tulivyokaa, mimi nikibeba salamu zisizojibiwa, naye hakuchoka kuzituma.

Pikapu ilikuja asubuhi. Nilimwona shemeji akitembea kwenye ukumbi na binamu wawili nyuma yake wamebeba godoro. Daktari wetu kijana alitoka mbio kutoka ofisini. Aliwaambia majibu ya pili yako njiani, aliwaomba wangoje. Shemeji alimwita "daktari wangu", akamwambia wanashukuru kwa yote, na kwamba wamesikia. Hakuna sheria ya kuwazuia, daktari mwenyewe alikiri, na akaondoka kwenda kupiga simu kuuliza majibu. Mimi nilishika chuma cha kitanda. Shemeji aliifunua ile shuka yangu, akaikunja mpaka kiunoni ili wapate mahali pa kushika. Miguu ya mume wangu ilikuwa wazi mpaka mapajani, imekonda. Hapo nilisema tafadhali. Mimi ambaye nilikuwa nimemtukana mbele ya shamba zima, nilisema tafadhali, na haikutoka kwa sauti.

Mama alisikia kila kitu kupitia dirishani. Akainuka.

Aliingia wodi ya wanaume leso imemfunika mpaka machoni, anatazama sakafu tu, anafuata mistari ya saruji. Alisimama nyuma ya pazia la kijani lililotenga kitanda chetu na cha jirani. Tuliona viatu vyake vya plastiki chini ya pazia na hakuna zaidi.

"Ni nani huyo?" shemeji akauliza.

"Ni mama," nikasema.

Shemeji akavua kofia, akarudi nyuma hatua, na binamu zake vilevile. Mimi nimeolewa kwao, kwa hiyo yeye pia ni mkwe wake, na huwezi kumbeba mwanaume nusu uchi mbele ya mama mkwe wake, pazia au hakuna pazia. Godoro likabaki limeegemea ukuta. Mama alijua vizuri alichokuwa akifanya. Hakuwa na cheti chochote cha kuwazuia, alikuwa na viatu vyake tu, na alivisimamisha pale.

"Mwambie mkwe nimekuja," akasema.

Nikainama. "Mama amekuja. Yuko hapa."

"Mwambie ile ingokho yake iko. Nilimwekea tangu kitambo. Mwambie inakulanga mahindi yangu kila siku, na yai haitagi, na siwezi kuiuza kwa sababu ni yake. Mwambie aje aimalize, mimi nimechoka nayo."

Nilifungua mdomo nimrudie mume wangu maneno hayo, na sikuyarudia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umesogea.

Ulianza na vidole. Vilikuna kitanda, vikatulia, vikakuna tena. Kisha mkono wote ukateremka pajani, ukawa unapapasa mahali ambapo shuka ingekuwepo kama watu wangekuwa na adabu. Haukuipata. Ukapanda polepole mpaka kiunoni, ukaukuta mshono wangu ule mnene, vidole vikaushika. Akavuta. Alikuwa na nguvu za mtoto mchanga. Shuka ilikuja kidogo, ikanasa, akavuta tena. Ilifunika paja moja, halafu goti, na goti la pili likabaki nje. Sikumsaidia. Mungu anajua nilitaka kumsaidia mpaka mikono ikaniwasha, lakini nilitaka kuona kama atamaliza. Macho yake bado yalikuwa yamefungwa. Mkono ulitafuta goti lile jingine, ukalipata, ukalifunika.

Kisha ukatulia juu ya shuka, umeishika, asije mtu akamfunua tena.

Shemeji alitazama goti lililofunikwa. Aliketi juu ya lile godoro, likaporomoka naye mpaka sakafuni, akajifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Mtu mzima, mkataji wa miwa, amekaa chini wodini.

"Rudisheni gari," akawaambia binamu zake kutoka ndani ya kofia.

Nesi alimwita daktari. Alikuja, akamwinamia mume wangu, akamwambia amfinye kidole. Hakufinya. Akamwambia afungue macho. Hakufungua. Akanitazama, nami nikaona anafikiri labda tumeota wote.

"Mama aseme tena," nikamwambia.

"Mwulize daktari anataka niseme nini," mama akasema nyuma ya pazia, kana kwamba daktari naye ni mkwe.

"Lolote, Mama. Tafadhali," daktari akamwambia mwenyewe.

"Basi mwambie ajifunike vizuri. Kuna watu."

Na mkono ukavuta shuka. Ilikuwa imeshamfunika, lakini aliivuta, mpaka kifuani. Jirani wa kitanda cha pili, mzee aliyevunjika mguu, akapiga makofi. Daktari alicheka, halafu akageuka akajifuta macho kwa mkono wa koti lake jeupe. Nikamuuliza kama jambo kama hilo lilikuwamo kwenye damu.

"Damu inanionyesha kilichovunjika," akasema. "Kilichobaki haiwezi kunionyesha yote." Kisha akaomba kalamu ya nesi, kwa sababu yake alikuwa ameisahau ofisini, akaandika.

Majibu ya pili yalirudi baadaye. Kiwango kilikuwa kimeshuka sana. Daktari alikuja kutuambia anakaribia kukimbia, halafu akakumbuka kuwa ni daktari akatembea. Alinionya pia, na namshukuru kwa hilo, maana hakunidanganya. Alisema kuamka si siku moja, na anayeamka huenda asiwe yuleyule.

Ilikuwa kweli. Mume wangu alifungua macho asione mtu. Baadaye aliona mtu asimjue. Kwa muda mrefu aliniita sista, akidhani mimi ni nesi, akiniomba maji kwa heshima asiyowahi kunipa nyumbani, nami nikaitika. Nilikuwa sista wake, nikampa maji. Mkono na mguu wa kushoto viligoma. Maneno yalimjia moja moja, mengine hayakufika, na yeye aliyekuwa mpole akawa anarusha vikombe. Nilimwambia sufuria ni zangu na vikombe ni vyake, tugawane. Siku hiyo alinitazama sana, akatabasamu upande mmoja wa mdomo, akaniita mama watoto. Nilitoka nje nikamkumbatia mama yangu pale kwenye benchi mpaka kikapu chake kikamwagika.

Mama aliendelea kuja. Kila alipokohoa nje ya dirisha, mkwe wake alivuta shuka.

Tulimrudisha nyumbani kwa pikapu ileile. Shemeji alikaa nyuma naye, amemshika ili asirushwe na mashimo. Hatukuwa tumemwambia chochote, si godoro, si miwa, na njia nzima nilikuwa nafikiria nitasema nini. Tulipofika alishuka kwa fimbo, akasimama, akaitazama nyumba. Kisha akatazama upande wa dirisha.

Miwa ya majirani ilikuwa ndefu kuzidi mtu. Yetu ilikuwa imechipuka upya kutoka kwenye visiki, imefika magotini. Alienda pale taratibu, fimbo, mguu, fimbo, mguu. Akainama kwa shida, akakifukua kisiki kimoja cha zamani kwa kidole, akakitazama mahali panga lilipopita. Akasogea kwenye kingine. Akaenda kwenye cha tatu, cha pembeni. Akafumba jicho moja.

"Hii," akasema, na tukangoja neno limfikie. "Hii imekatwa ikiwa bado."

Nilimtazama shemeji, naye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nani amekata?"

"Ni mimi," shemeji akasema.

"Kwa nini? Haikuwa imeiva."

"Mimi nilidhani imeiva, ndugu yangu." Akavua kofia. "Walipima. Nikadhani imeiva."

Mume wangu alikigusa kile kisiki tena kwa ncha ya fimbo. Alikuwa amechoka, na ule mguu mbovu ulikuwa umeanza kutetemeka. Hakukasirika. Alimtazama kaka yake kwa ule utulivu wake wa zamani, ambao mimi nilikuwa nimeshauaga, utulivu ulionifanya nirushe sufuria.

"Si ungeniuliza," akasema.

Shemeji alimfikia kabla hajaanguka, akamshika kiunoni kwa mikono ile migumu, akamwegemeza kifuani.

"Kweli," akamwambia. "Ningekuuliza."